Kununua flati jengo la zamani Ganjoni, ati mpaka kamati inione?

upepo_wa_kusi:
Salaam aleikum wadau wa 001, Mombasa yetu. Nimeonyeshwa flati ya vyumba vitatu huko Ganjoni, jengo la miaka ya 30 kabla ya vita vikuu vya pili, dari refu, kuta nene, roshani yatazama barabarani na upepo waingia moja kwa moja hata pangaboi sioni la nini. Bei nafuu kuliko hizi mpya za Nyali zenye lifti. Sasa broka aniambia sitapata taito (hati ya kumiliki) yangu mwenyewe, nitapewa lisi, yaani mkataba wa kukodi wa miaka mingi, na hisa za kampuni inayomiliki jengo lote, na kabla sijalipa sharti nikae na kamati ya wenye nyumba. Hivi mimi nanunua nyumba au naposa? Na savisi chaji ni ya nini jengo lisilo hata lifti?

mama_wa_roshani:
Aleikum salaam mwanangu. Mimi naishi jengo kama hilo. Hisa si utapeli, flati nyingi za zamani hapa ziliuzwa hivyo, kampuni yashika ardhi, wewe wapewa lisi ndogo ya flati yako na hisa, siku ukiuza vyote viwili vyaenda kwa mnunuzi pamoja. Kamati wataka kujua kama utalipa na kama hutageuza nyumba ya Airbnb. Nawe wahoji! Uliza nani hajalipa na tangu lini, maana pampu ikiungua na nusu ya wenye nyumba wako Dubai hawashiki simu, ni nyinyi mlioko hapa mtakaochanga. Savisi chaji ndiyo hiyo, pampu, tangi la juu, mlinzi, taka, stima ya ngazini, na bauza la maji mfereji ukikauka. Ati lifti. Lifti ndiyo ingekumaliza.

karani_mstaafu:
Mwazungumza pampu mwawata kubwa. Lisi ya ardhi yenyewe ni ya miaka mingapi na ilianza lini? Ikiwa ni 999 lala usingizi. Ikiwa ni 99 na ilianza tuseme 1936, hesabu mwenyewe, yaisha 2035, na lisi yako ndogo haiwezi kuishi kuliko mamake, hiyo ya ardhi. Tena kuna sheria ya Sectional Properties ya 2020, ilianza kutumika tarehe 28 Disemba mwaka huo, ndiyo inayofanya kila flati iwe na hati yake, na wenye lisi ndefu za zamani walipewa miaka 2 wazibadilishe ziwe hati hizo. Muulize broka kama jengo lilibadilishwa, lakini ujue sheria hiyo hiyo yataka ardhi ya lisi iwe imebakisha si chini ya miaka 21. Kwa hivyo jengo la mfano wangu halipiti mpaka kampuni iombe lisi mpya kwanza, ndipo savea, mpima ardhi, achore plani. Mwenye lisi akiwa Mkenya, sheria ya ardhi ya 2012 yampa nafasi ya kwanza ya kupewa ardhi hiyo tena, labda serikali iwe yaitaka ardhi kwa kazi ya umma. Gharama zote hizo ni mifuko yenu. Unafuu wa bei huenda umetoka hapo.

fundi_chokaa:
Mimi naongea kuta. Majengo mengi ya enzi hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiona plasta ya chini imevimba na unga mweupe wamwagika basi kuna mtu alipiga simiti juu ya chokaa, unyevu umefungiwa ndani na chumvi yatafuta pa kutokea, wakikwambia watapaka rangi usikubali, ibanduliwe, ukuta ukauke, upigwe chokaa tena. Halafu tazama slebu (sakafu ya zege) ya roshani na ya choo kutokea chini, ikiwa na ufa ulionyooka na kutu yachuruzika ujue chuma kimeliwa. Hiyo huwezi kutengeneza peke yako, ni kazi ya jengo zima. Na usivunje ukuta kupanua jiko, yawezekana ndio uliobeba gorofa ya juu.

mtu_wa_ngambo:
Kamati zenu zina huruma bado. Dadangu yuko New York kwenye jengo la ushirika la kabla ya vita, hisa na lisi vile vile, lakini huko kamati yataka karatasi za benki, za ushuru, barua za watu wanaokujua, halafu mahojiano, na waweza kukukataa bila kukwambia sababu, mradi usiwe ubaguzi uliokatazwa na sheria. Zuri lao moja, jengo likizidi gorofa 6 kuta za nje zakaguliwa kila miaka 5.

mama_wa_roshani:
Hiyo ya kukagua tuleteeni. Hapa twangoja kipande kianguke juu ya tuktuk ndipo mkutano uitwe.

upepo_wa_kusi:
Shukran sana. Nimempigia broka nikamuuliza lisi ilianza lini, ajibu "nyumba imara hiyo shekhe, ipo tangu Mngereza". Nikauliza tena simu ikakatika. Nafanya sachi mwenyewe wiki hii, nitazame rekodi za ardhi. Mzee karani, nibebe nini?

karani_mstaafu:
Nambari ya ploti, kitambulisho na PIN ya ushuru ya KRA. Ukipata majibu usikomee kwa jina la mwenye ardhi, tazama muda wa lisi, kisha palipoandikwa madeni uone kama kuna benki imeshikilia jengo. Fotokopi ya broka iwate huko huko.