Kliniki za leza ya fizi Kampala: mnauza mwanga, kipimo mnaficha

Wakubwa, nitasema wazi. Bango limeandikwa "leza ya fizi, bila kisu, bila maumivu". Mgonjwa anakalia kiti, anamulikwa dakika kumi, anatoka na vidonge vya maumivu kwenye bahasha na maneno mawili: rudi ukiumwa. Hayo si matibabu!

Kwanza, kipimo kiko wapi? Fizi hupimwa kina cha mwanya kati yake na jino, kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu sita kwa kila jino. Mwenye meno 28 anatakiwa kuwa na namba 168 kwenye faili lake. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Ikifika 4 na inatoa damu, anza kujihadhari; kuanzia 5, na hasa 6, mwanya huo umeshachimbika kuwa mfuko na mara nyingi eksirei inaonyesha mfupa umeshuka. Bila namba za kabla, nani atajua baadaye kama umepona au umepigwa tu?

Halafu ugaga, ule uchafu uliogandia jino ukawa mgumu kama jiwe. Hapa ndipo damu inanichemka. Vile vimashine vidogo vya mezani kwa kawaida ni leza za dayodi, zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 810 hadi 980. Mwanga wake unakata na kuchoma nyama laini. Ugaga uliogandia mzizi haubanduki. Unachoma mfuko, unauacha ukoko ndani, bakteria wanarudi walipozoea. Kazi ya kwanza ni kukwangua chini ya ganzi, kwa vyuma vya mkono na mashine ya mitetemo, kisha kusubiri wiki sita hadi miezi mitatu na kupima tena. Mifuko mingi hupungua kwa hilo peke yake. Ile iliyobaki ndiyo ya kujadiliwa.

Na msitaje LANAP, ile njia maalumu ya kutibu mifuko ya fizi kwa leza, kama dayodi ndiyo mliyo nayo. LANAP hutumia leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa hatua zake: uzi wa leza (waya mwembamba unaopitisha mwanga) unapita mfukoni, mizizi inakwanguliwa, uzi unapita tena ili damu igande na kuziba mfuko, mwishowe meno yanasawazishwa yasigongane. Kumtajia mtu hiyo na kumfanyia nyingine ni kumwonyesha ng'ombe ukamchinjia kuku. Tena mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani wa 2015, na ule wa Ulaya wa 2020, haipendekezi kuongeza leza za aina hii juu ya kukwangua kwa kawaida. Mwambieni mgonjwa hilo kabla hajafungua pochi.

Fizi zetu nyingi zina weusi. Rangi hiyo inanyonya mwanga wa dayodi, kwa hiyo nguvu iliyowekwa kwa fizi ya waridi inaweza kuunguza hapa. Nguvu ishushwe, uzi usitulie mahali pamoja hata kidogo, na wote chumbani wavae miwani ya leza hiyo hiyo. Miwani ya jua haihesabiki.

Sasa kupona, ambako karatasi ya maelekezo huwa haipo kabisa (ikiwepo ni Kiingereza kitupu). Siku mbili tatu za kwanza ni vya kunywa na vilaini: uji uliopoa, bushera (kinywaji cha nafaka), supu iliyochujwa. Kisha hadi siku ya kumi matoke yaliyopondwa, mayai, binyebwa (mchuzi wa karanga) laini. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), gonja (ndizi) ya kuchoma, mukene (dagaa) na nyama choma vingoje. Usinywe kwa mrija: kule kufyonza kunang'oa damu iliyoganda. Waragi (pombe kali) na sigara, hapana. Palipotibiwa pasiguswe na mswaki siku 7 hadi 10. Kwingine piga kama kawaida. Sukutua kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu mdomoni) ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, wiki mbili tu. Iachane na dawa ya meno kwa nusu saa, maana dawa ya meno huidhoofisha, na chai nyeusi ikiongezwa hapo meno yatageuka kahawia.

Utando mweupe-kijivu juu ya fizi si usaha, usiukwangue. Mate ya waridi siku mbili ni kawaida. Baridi itachoma meno kwa wiki kadhaa, nayo yataonekana marefu, kwa sababu uvimbe umeshuka.

Mchangiaji wa pili: Ongeza kisukari. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi, leza iwe ya bei gani. Ipimwe kabla ya ganzi. Na mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asikabidhiwe ibuprofeni bila kuulizwa.

Mchangiaji wa tatu: Mkuu, usiwachome wote. Dayodi inafaa kupunguza fizi iliyoota juu ya jino, na damu haitoki nyingi. Ila kuchokonoa mfuko kwa kijiti wiki ya pili "kuona matokeo" nako ni balaa, kunararua kilichoanza kushika.

Mwanzilishi wa mada: Nakubali kuhusu fizi iliyoota. Lakini anayelipia mfuko wa milimita 6 hajaja kupunguziwa fizi. Na uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, homa ikapanda au usaha ukatoka, usingoje miadi, rudi siku hiyo hiyo. Wakikudai ada mpya, omba zile namba 168 kwanza.