Tupeane uzoefu: mkono wako ulipokukosea, uliuaminije tena?

Fundi Brashi: Jana mvua ilinikuta Kenyatta Avenue, nikaingia Nairobi Gallery, lile jengo la 1913. Nikakuta picha iliyochorwa juu ya nyingine. Ukiinama unaona mstari wa kwanza chini ya rangi. Nikakumbuka msalaba wa baba. Kazi yangu ni kuandika mabango, mwaka wa kumi na nne sasa. Baba alipofariki nilikataa fundi mwingine aandike jina lake. Niliandika usiku, macho yamevimba. Kaburini mama alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, kisha kidole kikasimama. Nilikuwa nimeruka herufi. Hakusema neno. Tangu hapo hata "HOTELI" naipiga penseli mara tatu kabla ya rangi. Nyinyi mlitokaje?

Dada wa Ngara: Pole sana kaka. Hiyo ya penseli naijua.

Mzee wa Kayole: Penseli inautia mkono woga. Chukua gazeti kuukuu, andika kwa brashi moja kwa moja, kurasa ishirini kila asubuhi. Usifute kitu.

Mama Watatu: Sijawahi kuandika haya mahali popote. Nilikuwa naishi Mukuru. Niliacha koroboi ikiwaka karibu na pazia, nikatoka kuchota maji. Kurudi, moto umeshavuka kwa jirani. Mabati hubaki, ila mbao na kila kilichomo huisha. Nyumba saba. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini jirani yangu aliunguliwa na cherehani iliyokuwa ikilisha wanawe. Nami nikawaambia watu ni nyaya za stima.

Miaka mitatu. Nilikuwa siwezi kuwasha hata kiberiti bila kumwita mtoto asimame karibu.

Baadaye kuna dada alianza kutufundisha kuchora kanisani, kwa makaa tu na karatasi. Akasema chora kitu unachokijua. Nikachora cherehani: gurudumu, kanyagio, hata kile kidroo chenye kishikio kilichofungwa kwa uzi. Akaniuliza, "Hii ni yako?" Nikashindwa kujibu. Jumatatu yake nikaenda kwa jirani, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniomba ile picha. Kama amenisamehe sijui. Iko ukutani kwake, nimeiona.

Kijana wa Umoja: Miaka mitatu unasingizia stima? Ungemnunulia cherehani, si kumpa mchoro.

Dada wa Ngara: Wewe punguza ukali. Mtu amejivua nguo mbele yetu.

Mama Watatu: Mwache, dada. Namlipa kidogo kidogo, bado hatujamaliza.

Kijana wa Umoja: Basi samahani mama. Mimi nilikula pesa za chama chetu cha akiba, na hadi leo sijamwambia mtu. Ndiyo maana nimewaka.

Mzee wa Kayole: Paa ya Paa, kile kituo cha sanaa cha tangu 1965, kiliungua 1997, kazi nyingi zikateketea. Mchoraji Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wake, hakukifunga. Nilipokuwa kijana niliona hilo, nikarudi kwenye brashi zangu.

Dada wa Ngara: Lakini mzee, yeye hakujichomea. Kosa lako mwenyewe ni uchungu mwingine kabisa. Fundi, turubai lililoharibika lipake rangi nyeupe ya maji, anza upya juu yake. Mimi nina kipande cha amerikani nimekipaka mara nne.

Msusi: Usifunike! Andika tarehe nyuma, kiweke. Mimi cha kwanza nilikichoma, najuta.

Fundi Brashi: Nimempigia mama usiku huu, nikautaja msalaba kwa mara ya kwanza. Amesema rangi yote imeanza kubanduka, alikuwa akingoja nijitolee mwenyewe. Nashuka nyumbani Ijumaa.

Kijana wa Umoja: Mama Watatu, lile darasa la kanisani bado lipo?

Mama Watatu: Lipo. Jumamosi saa nne. Makaa uje nayo.