Mjadala: Leo VI wa Bizanti, baba yake Basil au Michael?

Wadau, kila ukoo wa Makedonia (makaizari wa Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, walioanzia kwa Basil I) ukitajwa lazima atokee mtu aseme eti inajulikana kabisa kaizari Leo VI, anayehesabiwa mwana wa Basil, ni damu ya Michael III. Mi nabisha.

Kwa asiyekijua kisa, Basil alikuwa mtoto wa wakulima wa asili ya Armenia waliokaa upande wa Adrianople (Edirne ya leo, Uturuki), akaingia Constantinople akawa mtunza farasi, mwisho wa siku akawa kipenzi cha kaizari Michael III. Michael alikuwa na hawara wake wa tangu ujana, Eudokia Ingerina, mama yake Michael hamtaki hata kumsikia, basi akamlazimisha Basil amwache mkewe Maria amuoe Eudokia, na inasemekana yeye mwenyewe akaendelea naye kama kawa. Mei 866 Basil akavikwa taji la kaizari mwenza, Septemba Leo akazaliwa, Septemba 867 Michael akauawa chumbani akiwa amelewa na Basil akabaki na dola yote.

Hesabu za miezi zinamuunga mkono Michael, maana mimba ya Leo iliingia wakati Eudokia inasemekana bado yuko naye, sikatai. Na kweli Basil alimfungia Leo karibu miaka 3, halafu Leo kukalia tu kiti 886 akaufukua mwili wa Michael kule Chrysopolis akauzika upya kwa heshima zote kwenye kanisa la Mitume Watakatifu, walikozikwa makaizari. Watu wanaona hapo kesi imeisha.

Haijaisha. Leo alirithi kiti kilichopatikana kwa kumwaga damu ya mtu, kumzika vizuri aliyeuawa ni kuusafisha utawala wake mbele ya watu, haihitaji uwe mwanae. Huyohuyo Leo mwaka 888 alitoa hotuba ya maombolezo akiwasifu Basil na Eudokia kama wazazi wake. Na kifungo kilikuja baada ya Leo kusingiziwa kwamba anapanga kumuua Basil, kwenye ikulu ile hata mwana wa kumzaa angefungwa.

Halafu tuangalie nani anasema. Habari ya Michael kuwa baba tunaipata kwenye kitabu cha historia cha Symeon Logothete cha karne ya 10, ambacho wataalamu wengi wanakiona kina upendeleo kwa Romanos Lekapenos, yule kaizari aliyemsukuma pembeni Constantine VII, mtoto wa Leo. Upande wa pili nao siuamini kichwakichwa, maana wasifu wa Basil ulioagizwa na huyo Constantine unampachika babu yake ukoo wa wafalme wa Armenia, tena na Alexander Mkuu humohumo!

Kuna wanaosema kitanda hakizai haramu, tuachane nayo. Hapana, jibu lina uzito wake, maana kama Leo ni wa Michael basi ukoo wa Amoria, yaani ukoo wa Michael, haukufa 867, umeendelea kwa watawala wa baadaye kina Basil II na Zoe mpaka Theodora alipofariki 1056.

Kwa hiyo wa upande wa Michael nijibuni hili: mwaka 886 Basil alikuwa na mwana mwingine, Alexander, kijana wa miaka kama 15, amezaliwa Michael akiwa kaburini zamani, hakuna wa kumtilia shaka. Kwa nini amtoe Leo kifungoni na kumrudishia urithi?