Githeri, omena au mboga za kienyeji? Watu sita, mia mbili, na gesi iko ukingoni

MamaWatatu_Nakuru

Hamjambo wenzangu. Leo ni ile sehemu ya mwezi ambayo mtu anafungua kabati akitumaini kitu kimejiongeza chenyewe. Hakijajiongeza. Nilichonacho ni hiki: mahindi makavu gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia), maharagwe mekundu ya wairimu nusu gorogoro, unga wa posho wa kutosha wiki nzima, viazi kama kilo mbili vilivyoanza kuchipua, na mfuko wa omena kavu, yaani dagaa wa ziwani, aliotuletea shemeji kutoka Kisumu. Sukuma ninayo kwenye magunia mawili hapo mlangoni. Mafuta ya kupikia yamebaki chini ya robo chupa. Mfukoni nina shilingi mia mbili za kunifikisha Ijumaa, na leo ni Jumanne.

Tuko sita: mimi, baba watoto, watoto watatu, na shosho yao ambaye magego yake yaliisha zamani. Kitinda mimba, wa miaka mitano, hataki omena kabisa. Anasema inamwangalia.

Kupika najua. Ninachotaka kujua ni chakula gani kitawashikilia hawa mpaka asubuhi bila kunimalizia gesi. Mtungi ni ule wa kilo 6, na nikiutikisa nasikia kitu kama chupa iliyobaki na funda moja. Githeri ya hayo mahindi na maharagwe, ugali kwa omena, au viazi? Nipangieni, na mseme kwa nini.

NyarKisumo

Omena, dada, na sisemi hivyo kwa sababu mimi ni wa ziwani. Omena ilishapikwa na jua, wewe unaiamsha tu. Dakika kumi na tano imeiva, ugali nao hauchukui nusu saa. Hiyo githeri itakaa motoni mpaka mtungi ulie.

Wanaoilaumu omena kwa uchungu wengi hawajaiosha. Ile ya kuanikwa chini inakuja na mchanga wake. Mimi naimwaga kwenye uteo kwanza, natoa vijiwe na vigamba vya konokono. Kisha maji ya moto kwenye karai, naigeuza kwa mkono polepole bila kuisugua maana itavunjika, halafu naiinua kwa vidole, mchanga unabaki chini. Mara tatu hivyo. Baadaye sufuria kavu, bila mafuta, moto mdogo, nageuza mpaka isikike ikikwaruza kama majani makavu. Hapo ile harufu watu wanayoikimbia imeshapotea. Sasa ndio unaweka kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya mbili, chumvi, na ukiepua unakamulia limau.

Vikombe viwili vya omena kavu vinawatosha nyinyi sita kama sukuma iko kando. Na siku ukinunua mwenyewe, nunua wakati hakuna mbalamwezi. Wavuvi wanaivua usiku kwa taa, kwa hivyo mwezi ukiwaka sana omena inaadimika sokoni na bei inapanda.

BabaPendo_Bungoma

Nyar Kisumo, nakuheshimu, lakini umehesabu moto ukasahau mafuta na nyanya. Omena bila nyanya ni adhabu. Nyanya za usiku nne, vitunguu, limau, hiyo mia mbili imekonda. Githeri haidai kitu. Chumvi na kitunguu kimoja, basi.

Halafu kuna hili la tumbo. Mimi nina vijana watatu wanaocheza mpira. Nikiwapa ugali na sukuma, saa nne usiku nasikia kabati likifunguliwa. Nikiwapa mahenjera, ndiyo hiyo githeri yenu, nyumba nzima inalala kimya. Kwetu tunachemsha sufuria kubwa Jumapili, tunakula mpaka Jumanne. Hatuna friji, kwa hivyo inachemshwa tena asubuhi na jioni, inatokota kabisa, si kupashwa moto juujuu. Ikianza kutoa povu lenye uchachu inakwenda kwa kuku, hakuna mjadala.

Nakubali sipiki kwa gesi. Kuni nazitoa shambani. Labda hapo ndipo hesabu yetu inapoachana.

FundiMajiko_Njoro

Hapo ndipo inapoachana, mzee. Huku mjini swali la kwanza ni moto, chakula kinafuata. Mahindi makavu yasiyolowekwa yatakaa motoni saa mbili, hata tatu. Kwa mtungi wa kilo 6 unaoelekea kuisha, Mama Watatu atabaki na githeri mbichi na jiko baridi.

Lakini githeri inawezekana. Mahindi na maharagwe loweka kwenye vyombo tofauti, kwa sababu hayaivi pamoja. Mahindi yape siku nzima, maharagwe usiku mmoja. Yale maji mwaga. Tanguliza mahindi motoni kama dakika arobaini, ongeza maharagwe, yatokote kwa nguvu nusu saa nyingine. Baada ya hapo zima. Funika sufuria kwa mfuniko unaobana, iweke ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, juu weka mto, na usichungulie. Saa nne au tano baadaye joto limemaliza kazi ambayo ungelipia gesi. Rudisha motoni itokote tena ndipo upakue. Mahindi ni kichwa ngumu, yanaweza kudai dakika kumi za ziada.

Hiyo nusu saa ya kutokota kwa nguvu usiiruke. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu, na joto la kikapu peke yake haliiondoi. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijifanya mjanja. Nilichemsha dakika tatu tu, nikafunika, nikaenda kazini nikijisifu. Tulikula saa mbili usiku. Kufikia saa tano mimi na mke wangu tulikuwa tukipokezana mlango wa choo, na choo chenyewe kilikuwa cha ploti, nje, na mvua inanyesha. Mpaka leo akiniona na kikapu anauliza kama nimechemsha kweli.

Kijana_Bedsita

Mimi niko peke yangu, mayai mawili, nyanya moja na ugali wa jana uliokaangwa. Endeleeni tu wazazi.

NyarKisumo

Wewe mwanangu, ukishuka Kisumu tafuta mgongo wazi. Ni mifupa ya mbuta, yule sangara wa ziwani, minofu ikishachukuliwa, inakaangwa na kuuzwa kwa bei ya huruma. Ukiichemsha na nyanya moja supu yake inapitisha ugali vizuri, na nyama iliyofichwa katikati ya mifupa ni tamu kuliko hiyo minofu iliyosafirishwa.

Kukhu_Mbale

Wanangu, mnabishana kama watu ambao mboga haziwaoteshei uani. Mrenda. Hakuna aliyetaja mrenda!

Mrenda hautaki mafuta wala nyanya. Chukua fungu moja, changanya na majani ya kunde, chambua, osha kabla ya kukata, maana ukishakata utelezi wote unaenda na maji. Weka maji kikombe kimoja kwenye sufuria, yakichemka tia magadi kidogo, halafu mboga. Dakika saba, nane, tayari. Moto huo hata nusu kikombe cha mafuta taa kinautosha. Ugali unateleza wenyewe, na huyo shosho asiye na magego atakula kuliko nyote.

Hayo magadi sisi tulikuwa tunatengeneza. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayatia kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji, yanadondoka taratibu ya rangi ya chai. Kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima. Mkaza mwanangu alipoingia nyumbani alimimina kama anatia maziwa kwenye chai. Mboga ilikuwa kijani ya kupendeza, kila mtu akaisifu, mpaka tulipoonja. Ilikuwa sabuni. Baba mkwe wake alikula yote bila kusema neno, na huyo msichana akampenda tangu siku hiyo.

Kwa Nakuru najua managu hayakosekani kwa mama mboga. Yakiwa machungu yachemshe, yaweke na maziwa yalale, kesho yake ndiyo yanakuwa mboga. Kwa hivyo yapike leo uyale kesho. Moto mmoja, siku mbili.

BabaPendo_Bungoma

Kukhu, mrenda ni mtamu lakini vijana wangu wanasema ni maji yaliyokasirika. Saa nne kabati linafunguka.

Kukhu_Mbale

Wape na omena humo ndani basi. Au simsim ya kusaga, si uko Bungoma? Unataka nikufundishe simsim?

FundiMajiko_Njoro

Na viazi mmeviacha hapo peke yao. Mama Watatu, hivyo vyenye machipukizi usivitupe, ila chonga macho yote kwa kina na ukate popote palipogeuka kijani. Kikiwa kichungu mdomoni tema, hicho si cha kuvumilia. Viazi vinaiva haraka lakini peke yake havikai tumboni. Mimi ningevitia ndani ya githeri siku ya pili.

MamaWatatu_Nakuru

Nimerudi, leo Ijumaa usiku, na nina majibu kutoka kwa sufuria.

Jumanne nilipika omena ya Nyar Kisumo huku mahindi yakilowa. Ile sauti ya majani makavu niliisikia kweli! Wakubwa walimaliza sahani. Yule mdogo akafunika macho. Basi nikachukua omena kiasi iliyokaushwa bila mafuta, nikaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa unga, nikamkorogea ndani ya sukuma. Akala, akaomba tena, na mimi sijasema neno. Kama haioni, haimwangalii.

Jumatano ilikuwa githeri. Mahindi yalikuwa dakika ya thelathini na kitu nilipoona moto umegeuka wa manjano, ukarukaruka, ukafa. Shosho alicheka. Akatoka nje, akapanga mawe matatu nyuma ya nyumba, akawasha kwa vipande vya mbao vya fundi aliyetujengea banda la kuku. Maharagwe yalitokotea hapo kwa nguvu ile ya Fundi, nikafunga sufuria kwa blanketi la mtoto ndani ya kapu la nguo. Saa moja na nusu jioni nilipofungua, mvuke ulinipiga usoni. Maharagwe laini kabisa, mahindi yanahitaji meno. Nikairudisha kwenye mawe, ikatokota robo saa, tukala.

Yaliyobaki niliyachemsha asubuhi, Alhamisi jioni nikatia viazi na kuyachemsha tena, fungu la shosho nikaliponda kabisa. Leo ni managu niliyonunua jana, yamelala na maziwa kwenye sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Mafuta, nyanya, limau, maziwa na managu vimekula mia moja na arobaini. Sitini iko kwenye kikombe juu ya kabati.

Kwa hivyo nikipanga kwa moto, mboga za kienyeji kwanza, omena inafuata kwa mbali kidogo. Nikipanga kwa tumbo, githeri, na hapo Baba Pendo ameshinda: siku zote mbili hakuna mtoto aliyeamka kuomba chai. Ila githeri sitaianza tena bila kuutikisa mtungi kwanza.

FundiMajiko_Njoro

Kapu la nguo! Mume hakuuliza shati lake lilikuwa wapi?

MamaWatatu_Nakuru

Aliuliza. Linanukia maharagwe, na kesho analo harusini.

Kukhu_Mbale

Lianike kwenye jua, litatoka. Na yale maji ya kulowekea maharagwe uliyapeleka wapi?

MamaWatatu_Nakuru

Kwenye magunia ya sukuma, kukhu.