Land Cruiser 79 iliyoinuliwa, matairi ya 315/75R16: nifunge difu za 4.56 au 4.88?

Nyika79 (Arusha) anauliza:

Wakuu, salamu kwenu. Ninaomba ushauri juu ya gia za difu, zile za katikati ya ekseli zinazopeleka mzunguko wa propela (shafti ndefu ya chini ya gari) kwenye magurudumu, kwa Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo tunaitumia kubebea mabomba, jenereta na vifaa vya kukarabati visima katika vijiji vya upande wa Loliondo na Ziwa Natron. Gari limeinuliwa milimita 75 kwa springi na shokapu mpya, na mahali pa matairi ya awali ya 7.50R16 tumefunga 315/75R16 juu ya rimu za inchi 8. Tulifanya hivyo kwa sababu ya mawe na makorongo ya huko, ambako difu ya nyuma ilikuwa ikigota chini mara kwa mara. Kwa upande huo nimeridhika na sina nia ya kuyatoa matairi haya.

Tatizo liko kwenye barabara ya lami na kwenye milima. Kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, mahali ambapo gari lilikuwa likipanda kwa gia ya tatu likiwa na mzigo, sasa linadai gia ya pili. Hata kwenye tambarare ya Makuyuni gia ya tano imebaki kama pambo, kwani nikiiingiza mwendo unapungua taratibu hadi nirudi kwenye ya nne. Kuondoa gari lenye mzigo mlimani kunanilazimu kuitesa klachi, na wakati wa kuteremka injini hailishiki gari kama zamani, kwa hiyo breki zinapata moto mapema. Mshale wa mwendo nao hausemi kweli tena.

Difu zote mbili ni za kiwandani, 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Wauzaji wananiambia kwamba zinapatikana gia za 4.30, 4.56, 4.88 na hata 5.29. Mmoja anasisitiza kwamba kila tairi la inchi 35, kama haya yangu, linataka 4.88, na mwingine anasema 4.30 inatosha kwa kuwa ni ya Toyota yenyewe. Mwendo wetu wa kawaida ni kilomita 80 hadi 90 kwa saa, mzigo unakaribia tani moja, na mara kwa mara gari linakwenda Dar es Salaam kufuata vipuri. Ningependa kujua mngechagua ipi na kwa hoja gani, na pia kama ni lazima kubadili difu ya mbele, ikizingatiwa kwamba gurudumu zote nne tunazitumia kwa nadra.

Mpimaji (Nairobi) anajibu:

Ndugu, tuanze na tairi, kwa sababu ndilo lililobadilisha kila kitu. Kwa vipimo vilivyoandikwa ubavuni, 315/75R16 lina kipenyo cha takribani milimita 879, na 7.50R16 lina takribani 805, yaani ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 9. Gurudumu kubwa hupunguza nguvu ya msukumo inayofika ardhini kwa kiwango hichohicho, hivyo 4.11 yako leo inafanya kazi ya difu ya 3.76. Hakuna mhandisi aliyekusudia injini hii isiyo na tabo ibebe tani moja mlimani kwa uwiano huo, na dalili zote ulizozitaja zinatoka hapo.

Ili kurudi ulikokuwa, zidisha uwiano wa zamani kwa kipenyo kipya, kisha ugawe kwa kipenyo cha zamani: 4.11 mara 879, gawanya kwa 805, unapata 4.49. Gia iliyo karibu zaidi na hapo ni 4.56. Hata hivyo usiziamini sana namba za ubavuni, kwani tairi linalobeba mzigo hubonyea na matairi ya makampuni tofauti yenye maandishi yaleyale hayalingani. Jaza upepo unaoutumia kila siku, pakia mzigo, weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kisha sukuma gari mzunguko mmoja kamili na upime umbali. Ufanye hivyo pia kwa tairi la zamani kama bado unalo, halafu urudie hesabu kwa vipimo vyako.

Sasa tuangalie injini. Nguvu kubwa ya mzunguko ya 1HZ, yaani Nm 285, hupatikana kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Katika gia ya nne, ambayo katika giaboksi yako ni moja kwa moja (haiongezi wala kupunguza mizunguko ya injini), kwa mwendo wa 80 gari lilipokuwa na matairi ya kiwandani injini ilikuwa ikizunguka takribani 2,170. Leo, kwa mwendo uleule, inazunguka 1,985, na katika gia ya tano iko chini ya 1,800, mahali ambapo haina pumzi ya kusukuma mzigo dhidi ya upepo. Ukifunga 4.30 utapata kama 2,075, ukifunga 4.56 utapata 2,200, na ukifunga 4.88 utapata 2,355. Ndiyo maana siiafiki 4.30: inafidia nusu tu ya ulichopoteza, na gharama ya kufungua na kufunga difu ni ileile.

Mshale wa mwendo utajirekebisha wenyewe ukichagua 4.56. Katika gari lako kipimo kinachukuliwa kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), kabla ya difu, kwa hiyo leo ukisoma 80 unatembea karibu 87. Kwa 4.56 kosa litabaki chini ya asilimia 2, tena litakuwa upande salama wa kusoma zaidi kidogo ya mwendo halisi. Kwa 4.88 ungekuwa unatembea 80 huku mshale ukionyesha 87.

Mzee wa Makorongo (Isiolo) anajibu:

Hesabu za ndugu Mpimaji ni sahihi, lakini zinalirudisha gari kwenye hali ya kiwandani pekee, na gari hili haliko tena katika hali hiyo. Matairi haya ni mazito zaidi, kuyaanzisha na kuyasimamisha kunahitaji nguvu ambayo kanuni ya kipenyo haiigusi kabisa, na gari lililoinuliwa linapokea upepo mwingi zaidi chini yake. Zaidi ya hayo, injini isiyo na tabo huumizwa na mwinuko wa nchi. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambako ni takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani, na nguvu ya injini inapungua kwa kadiri inayokaribia hiyo. Kwa njia ya Karatu, Ngorongoro na Loliondo, mimi ningefunga 4.88 bila kusita. Wasiwasi wa kwamba injini itapiga kelele barabarani unamalizwa na gia ya tano, ambayo kwa mwendo wa 90 itairudisha injini karibu na ile 2,200 inayosifiwa hapo juu, badala ya kubaki gia isiyotumika.

Faida nyingine ni wakati wa kuteremka. Injini ya dizeli hulizuia gari kwa kadiri inavyozungushwa kwa kasi na magurudumu, na ukiwa na tani moja mgongoni kwenye mteremko wa kurudi Mto wa Mbu, tofauti kati ya 4.11 na 4.88 utaihisi kwenye mguu wa breki.

Kama bajeti hairuhusu difu mbili, ipo njia ambayo wengi hawapendi kuisikia, nayo ni kushuka hadi 285/75R16. Kipenyo chake ni milimita 834, ongezeko la asilimia 3.6 tu juu ya 7.50R16, na kwa kiasi hicho hakuna haja ya kugusa difu. Utapoteza takribani sentimita 2.2 za nafasi chini ya difu. Umesema huna nia hiyo, nami nimekusikia, lakini linganisha gharama kwanza.

Fundi wa Difu (Moshi) anajibu:

Nitajibu swali la difu ya mbele kwanza, kwa kuwa ndilo linaloharibu magari ya watu. Ni lazima ubadilishe zote mbili, na kwa uwiano uleule. Gurudumu zote nne zinapoingizwa, transfa ya gari hili inaifunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, na hakuna kitu katikati kinachoruhusu moja itangulie nyingine. Nyuma ikiwa 4.56 na mbele ikabaki 4.11, kila mita 10 ambazo nyuma inatembea, mbele inataka kutembea 11. Kwenye matope tairi litateleza na usijue. Kwenye ardhi kavu au mwamba, mvutano huo unakwenda kwenye transfa, propela na viungo vya shafti za mbele, na kimojawapo kitakatika. Hoja ya kwamba unaitumia kwa nadra haisaidii, kwani siku utakayoihitaji ndiyo siku uliyokwama mbali na kila mtu.

Katika kuagiza, elewa kwamba difu za gari hili si pacha. Ya nyuma ni ya inchi 9.5, na ya mbele ni ya inchi 8, tena pinioni yake, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, imekaa juu na meno yake yamekatwa kwa mwelekeo wa kinyume. Mwuzaji anayekupa seti mbili zinazofanana hajui anachouza. Na kabla ya kuagiza thibitisha 4.11 kwa macho yako, maana gari lililopita mikononi mwa watu linaweza kuwa limebadilishwa kichwa cha difu (kipande kizima chenye gia zake) siku za nyuma. Weka kabari magurudumu ya mbele, toa gia na breki ya mkono, inua gurudumu moja tu la nyuma, lizungushe mizunguko miwili kamili, na uhesabu mizunguko ya propela. Ikiwa zaidi kidogo ya minne, ni 4.11. Hii ni kwa difu isiyo na loki iliyoshika, yaani kifungo kinacholazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja. Ukifungua kabisa, utakuta krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ya meno 37 na pinioni ya meno 9.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Mzee wetu wa Isiolo, kwa heshima zote. Krauni ya 4.56 ina meno 41 na pinioni 9, ya 4.88 ina meno 39 na pinioni 8. Kadiri uwiano unavyopanda ndivyo kichwa cha pinioni kinavyokuwa kidogo ndani ya nyumba ileile. Kwa difu ya nyuma ya inchi 9.5 sina hofu, lakini ile ya mbele ya inchi 8 ndiyo dhaifu kati ya hizo mbili, na wewe unaipeleka kwenye mawe ikiwa na tairi zito na mzigo, mara nyingine kwa gia nzito, zile za mwendo wa polepole za transfa. Ningeiachia pinioni jino lake la tisa. 5.29 usiifikirie kabisa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba gia nzuri iliyofungwa vibaya haimalizi mwaka. Fundi wako awe na saa ya kupimia na rangi ya kusomea mguso wa meno, na kama hana, mwache. Nafasi kati ya krauni na pinioni kwa difu ya nyuma iwe milimita 0.15 hadi 0.20, na kwa ya mbele 0.13 hadi 0.18. Alama ya rangi ikae katikati ya jino, isikimbilie ncha wala shina. Beringi zote ziwe mpya, sili ziwe mpya, na bushi ya pinioni inayobonyea wakati wa kukaza isirudiwe kutumika, kwa sababu ikishabonyea haishiki tena kipimo. Uzuri wa difu za Land Cruiser ni kwamba kichwa chote hutoka kwa mbele ya nyumba yake, kwa hiyo kazi ya vipimo inafanyika mezani, kwenye mwanga, wala si chini ya gari.

Kwa kuwa gari limeinuliwa, pima pembe za propela kabla gia mpya hazijafungwa, na uangalie pia mlalo wa usukani, kwani kuinua mbele bila kurekebisha bushi za mikono hulifanya gari lipepesuke. Nimeletewa difu zinazodaiwa kulia, kumbe kinachotetemeka ni propela.

Baada ya kufunga, tia oili ya SAE 90 yenye daraja la GL-5. Safari za kwanza ziwe fupi, kama dakika 20, kisha uache difu zipoe kabisa kabla ya kuendelea. Usipakie mzigo mzito wala kuvuta tela kwa kilomita 800 za mwanzo, na zikitimia mwaga oili hiyo hata kama inaonekana safi, kwa kuwa imebeba vumbi la chuma la meno yanayozoeana.

Nyika79 anaandika tena:

Nawashukuru wote. Nimepima kwa chaki kama alivyoelekeza ndugu Mpimaji, gari likiwa na mzigo, na uwiano wa matairi mawili umetoka karibu sana na ule wa maandishi. Hoja ya Mzee kuhusu mwinuko ni nzito, na kama gari lingeishi Loliondo tu ningemfuata. Lakini kwa safari za Dar es Salaam, na kwa kuihurumia difu ya mbele, ninaagiza 4.56 kwa pande zote mbili pamoja na beringi zake. Swali moja limebaki kwa Fundi: kuna mtu anauza vichwa vya difu vya 4.30 vilivyotoka kwenye Land Cruiser 105, kwa bei ya chini sana. Je, vina manufaa yoyote kwangu?

Fundi wa Difu anajibu:

Ni kweli kwamba 105 nyingi zilitoka na 4.30, na watu wenye matairi ya 285/75R16 hufurahi wakizipata. Kwa matairi yako hazikufikishi unakokwenda, kwa sababu ambayo ndugu Mpimaji ameshaieleza, na juu yake unanunua beringi zilizochoka na meno yaliyokwisha kuzoeana kwa mzigo wa gari jingine. Kama bei ni ya chini kweli, nunua kwa ajili ya nyumba na vikapu (sehemu zinazobeba krauni) tu, baada ya kuhesabu kwamba meno ya ndani yanayoshika shafti yanalingana na ya gari lako. Kisha gia zako za 4.56 zifungwe humo mezani, huku gari likiendelea na kazi hadi siku ya kubadilisha.