Siku nne Hong Kong peke yangu: nilale upande upi wa bandari?

Tumaini

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kupanga safari fupi. Katikati ya Novemba nitafika Hong Kong Jumatano alasiri na kuondoka Jumapili usiku, na kwa mara ya kwanza nitakuwa peke yangu, kwa maana katika safari zote za nyuma mume wangu ndiye aliyeshika ramani nami nikashika pochi. Fedha zangu si za hoteli ya kifahari, lakini chumba kisafi chenye mlango unaofungika naweza kukilipia.

Kila ninayemuuliza ananiongezea jambo, na sasa orodha yangu ina kilele cha Victoria, sanamu kubwa ya Buddha kisiwani Lantau, njia ya milimani ya Dragon's Back, kisiwa cha Lamma, soko la usiku la Temple Street, siku nzima ya Macau na siku nyingine ya Shenzhen. Malazi nayo yamegawanyika: mengine yako Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon, na mengine yako ng'ambo, kwenye Kisiwa cha Hong Kong chenyewe. Je, nilale upande upi? Macau na Shenzhen zinaingia katika siku chache namna hii? Na je, mwanamke aliye peke yake anaweza kurudi chumbani saa nne usiku bila wasiwasi? Nimekwisha nunua kikopo cha dawa ya pilipili ya kujihami, ingawa ningependa nisikihitaji.

Nahodha Mstaafu

Dada Tumaini, futa kwanza Macau na Shenzhen, kisha tuzungumze. Si kwamba ni mbali, kwani boti ya Macau huchukua takriban saa moja tu. Tatizo ni kwamba kila moja ina mpaka wake, foleni yake na masharti yake ya kuingia. Ruhusa ya kuingia Hong Kong haikupi ruhusa ya kuingia China Bara, na Macau nayo ina utaratibu wake mbali. Utakuwa umetoa siku mbili kati ya nne ulizonazo ili upate alasiri mbili za haraka haraka.

Kuhusu malazi, watu wengi hupanga safari ya mji huu kana kwamba bandari ni ukuta unaotenga sehemu mbili, ilhali bandari ndiyo barabara kuu yenyewe. Lala Tsim Sha Tsui, mahali ambapo unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye ghati ya Star Ferry, na mengine yatajipanga. Huduma hiyo ya vivuko ilianza mwaka 1888, miongo mingi kabla ya magari na treni kuchimbiwa njia chini ya bahari, na hadi leo nauli ya kuvuka kwenda Central, kitovu cha mji upande wa Kisiwa cha Hong Kong, ni dola chache za Hong Kong. Safari yenyewe haifiki dakika kumi. Panda angalau mara moja ghorofa ya chini, karibu na injini, ambako wenyeji hukaa na magazeti yao. Utaona abiria wanaoingia wakisukuma migongo ya viti vya mbao, iliyotobolewa matundu yenye umbo la nyota, ili waketi wakitazama kule waendako, kwa sababu chombo chenyewe hakigeuki: kina kichwa pande zote mbili. Kikikaribia ghati, baharia hurusha kamba nene, na mwenzake aliyesimama nchi kavu huinasa kwa mti mrefu wenye ndoano, anaifunga, na daraja la kushukia linateremshwa. Mimi niliyefanya kazi ya bahari miaka thelathini nilivuka mara nne siku ya kwanza kwa ajili ya kutazama ile ndoano tu.

Upande wa Central utashukia ghati namba 7, na vivuko vya visiwani vimepangana pembeni yako: namba 4 ni Lamma, namba 5 ni Cheung Chau, namba 6 ni Peng Chau na Mui Wo. Huna haja ya kuulizia sana.

Kutoka uwanja wa ndege usikimbilie treni ya haraka. Inafika kituo cha Hong Kong kwa dakika 24 na inamfaa anayelala Central, lakini wewe basi la A21 litakushusha kwenye Nathan Road, karibu na mlango wako, kwa nauli isiyofikia nusu ya ile ya treni. Kabla ya kutoka nje ya jengo nunua kadi ya Octopus na uitie fedha. Hiyo utaigusisha kwenye treni, mabasi, tramu, vivuko na hata maduka madogo ya maji na mkate.

Zuhura S.

Kabla ya yote, kikopo hicho kiache nyumbani, dada yangu, hata kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege usikitie. Sheria ya Hong Kong inahesabu dawa ya pilipili ya kupuliza kuwa silaha, na kukutwa nayo bila leseni ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni kujilinda. Mafuta ya CBD, yatokanayo na mmea wa bangi, ambayo baadhi ya watu huyabeba kwa ajili ya usingizi, nayo yamepigwa marufuku tangu Februari 2023.

Nimekuwa huko peke yangu mara tatu, na sikuwahi kuogopa njiani. Saa nne usiku Nathan Road ina watu kuliko saa nne asubuhi, maduka yakiwa bado wazi, na treni huendelea hadi karibu saa saba usiku. Kilichonitesa mimi ni chumba. Safari ya kwanza nililipia nyumba ya wageni iliyoonekana pana na yenye dirisha, nikapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na moja nikiwa nimechoka, na kijana wa mapokezi akaniambia bomba limepasuka, nimfuate. Tulishuka, tukavuka barabara, tukaingia jengo jingine, tukapanda tena. Chumba nilichopewa hakikuwa na dirisha lolote, na kilikuwa chembamba kiasi kwamba ili nifunge mlango ilinibidi niweke sanduku juu ya kitanda, kisha nilipotaka kulala nilitoe nililaze chooni. Nililipa tena kwingine siku iliyofuata. Tangu hapo huuliza mambo mawili kwa maandishi kabla ya kulipa: kama chumba kina dirisha linalofunguka, na kama nitalala katika jengo hilo hilo nililolipia. Nyumba za wageni kule zinatakiwa kuwa na leseni ya serikali, nayo hubandikwa mahali pa wazi, usipoiona, geuka.

Utasikia pia habari za Chungking Mansions, jengo la mwaka 1961 lenye ghorofa 17 hapo hapo Tsim Sha Tsui, ambalo wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki wamekuwa wakifikia kwa miaka mingi, hivyo usishtuke ukisikia Kiswahili kwenye foleni ya lifti. Kulala humo ni hiari yako, lakini kwa kubadilisha fedha ni pazuri, mradi usisimame kwenye dirisha la kwanza mlangoni. Dola ya Hong Kong imefungwa kwenye dola ya Marekani kati ya 7.75 na 7.85, kwa hiyo atakayekupa 7.2 utamjua papo hapo. Tembea hatua ishirini ndani zaidi.

Kula peke yako si aibu kule. Katika migahawa midogo ya chai wataonesha kidole kwenye kiti kilicho wazi mezani kwa watu usiowajua, nawe utakaa. Hakuna atakayekusemesha wala kukutazama. Chai huletwa hata kama hukuiagiza, bili huachwa mezani kama kikaratasi, na malipo hufanywa kwa keshia karibu na mlango. Ukitaka chakula halali, ghorofa ya tano ya kituo cha Kiislamu cha Wan Chai, kilicho pamoja na Masjid Ammar, kuna mgahawa unaouza vile vitafunwa vya mvuke vya dim sum, ambavyo kwingineko ni nguruwe karibu kila kikapu. Nenda kabla ya adhuhuri, kwani vikapu vizuri huisha.

Kibarazani

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa malazi. Mimi ningelala Sheung Wan au Wan Chai, upande wa kisiwani, kwa sababu ya tramu. Inapita upande wa kaskazini wa kisiwa tangu mwaka 1904, unaingilia mlango wa nyuma na kulipa unaposhuka mbele, nauli ni moja hata ukienda mwisho hadi mwisho. Ni ya polepole mno, na kwa mtu aliye peke yake huo ndio uzuri wake: unakaa dirishani ghorofa ya juu na mji mzima unapita mbele yako bila kuuliza njia. Hata hivyo sitagombana na Nahodha kwa hilo. Mandhari ya majengo yanayowaka taa saa mbili usiku huonekana vizuri zaidi ukiwa upande wake.

Orodha yako bado ni ndefu. Buddha na Dragon's Back kila moja ni siku, chagua moja. Sanamu ina kimo cha mita 34 na ngazi 268 za kuifikia, na gari la kamba kutoka Tung Chung, mji wa huko huko Lantau, husimamishwa siku kadhaa kwa matengenezo, kwa hiyo angalia tarehe zao. Likifungwa, basi namba 23 hupanda hadi huko huko. Kwa kilele cha Victoria, wenye haraka hupanga foleni ya treni ya mlimani. Panda basi namba 15 kutoka Central, na ukifika juu uzunguke Lugard Road kwa miguu. Ni njia tambarare, na ndiko bandari inakoonekana yote bila kulipia roshani ya mtu.

Novemba haina joto la kukatisha tamaa na tufani huwa zimepungua. Ikitangazwa ishara namba 8 ya tahadhari ya tufani, vivuko husimama, ofisi hufungwa, nawe kaa ndani.

Tumaini

Nimewasikia, na kikopo nimempa mume wangu akihifadhi. Nimechukua chumba Tsim Sha Tsui, chenye dirisha na leseni, baada ya kumwandikia mwenye nyumba barua mbili. Macau na Shenzhen nimefuta, Dragon's Back nayo imeondoka kwa ajili ya magoti yangu. Alhamisi nitavuka, nitapanda tramu na kula Wan Chai, kisha nisubiri jioni kileleni. Ijumaa ni Lantau, Jumamosi ni Kowloon na soko la usiku, na Jumapili, nikiwa nimeacha sanduku mapokezini, nitakwenda Lamma kabla ya ndege. Kuna kasoro?

Zuhura S.

Ipo moja. Lamma siku ya Jumapili utaikuta na nusu ya mji, na foleni ya kurudi jioni si ya mtu mwenye ndege ya kuwahi. Ipeleke Jumamosi asubuhi: shukia Yung Shue Wan, tembea hadi Sok Kwu Wan kwa saa moja na nusu hivi, njia ni ya saruji na kisiwani hakuna magari. Soko la Temple Street halianzi hadi jioni, hivyo hutakosa kitu.

Jumapili baki mjini. Vuka uende Central, uone maelfu ya wanawake wa Ufilipino wanaofanya kazi za ndani wakiwa siku yao ya mapumziko: wametandika maboksi chini ya majengo ya benki, wanasukana nywele, wanagawana wali, na barabara ya Chater Road imefungwa kwa magari kwa ajili yao. Mimi mara ya mwisho nilikaribishwa kuketi, nikakaa hadi saa tisa.

Nahodha Mstaafu

Na ukitoka hapo, rudi kwa kivuko kuchukua sanduku, usirudi kwa treni.