Naombeni ushauri: nifundisheje skeli zisizo meja wala maina?

Mwl_Kinanda
Wakuu salaam. Nafundisha kinanda na sauti kwa vijana 11 wa kwaya, Morogoro. Meja wanaimba hata usingizini, maina wanazijua zote tatu. Juzi binti mmoja kaja na taarabu kwenye simu, anataka noti. Nikatafuta weee, sauti moja inaangukia katikati ya E na E-flati. Darasa likacheka, eti mwimbaji katoka kwenye ufunguo. Aibu ni yangu, sikuwahi kuwafundisha. Nianzie wapi?

Mzenji
Mwalimu, hajatoka popote. Sikiliza wimbo unatulia wapi: ukitulia C, huenda ni Rast, ukitulia D, yaelekea ni Bayati (hizo ni maqamu, yaani skeli za Kiarabu). Lakini usianzie huko. Anza na maqamu ya Hijaz, haina robo toni (sauti ya katikati ya noti mbili jirani, kama hiyo yako), kinanda kinatosha. Tena vijana wako wanayo tayari: chukua maina hamoniki (ile yenye se, yaani so iliyopandishwa nusu toni), ila anzia na umalizie kwenye mi: m f se l t d r. Waimbe polepole, wakae kwenye ule mruko wa fa kwenda se. Anayeishi jirani na msikiti ataitambua, adhana husikika sana kwa Hijaz.

Rast baadaye, kwa fidla au udi, kwa kuwa havina freti. Kinanda kikiwa na sehemu ya kurekebisha noti moja moja, shusha E na B senti 50 (senti 100 ni nusu toni). Ni makadirio tu, sikio la mpigaji ndilo linaloamua.

Besi_la_Nyuma
Kwaya yenyewe haijaelewana sauti nne, unaongeza robo?

Mwl_Kinanda
@Besi 😂 hao wa sauti nne ndio waliocheka.

Mtu_wa_Dodoma
Msivuke bahari kabla ya kupita Dodoma. Wagogo, msikilizeni marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake (ala ya vibao vya chuma vya kudonoa kwa vidole gumba), wanaimba kwa sauti za asili za uzi (hamoniki, sauti za juu zinazojificha ndani ya sauti moja ya uzi), ya 6 hadi ya 10. Ile ya 7 haimo kwenye kinanda. Chukua gitaa, gusa kidogo uzi mnene kati ya freti ya 2 na ya 3, karibu na ya 3, kisha dona karibu na daraja. Linganisha na D ya kinanda: ya gitaa iko chini kwa senti kama 31. Waache wabishane nani kakosea.

Mwl_Kinanda
Gitaa lipo, ila nyuzi mbili zimekatika.

Mtu_wa_Dodoma
Ule mnene mzima?

Mwl_Kinanda
Mzima.

Mtu_wa_Dodoma
Basi kesho una kipindi.